Fundi Shingo wa Ibra

Watu wa Ibra walimwita mume wangu Fundi Shingo, na mgeni aliyelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alidhani anatajiwa mchinjaji. Nadhir hakuwahi kuchinja hata kuku. Kuku wa nyumba ile niliwapeleka mimi kwa jirani. Alikuwa mkerezaji wa vyuma, mzaliwa wa Malindi, Unguja, mwembamba, mkimya, mwenye tabia ya kunusa kila kitu kabla hajakigusa, pamoja na chakula changu, jambo ambalo miaka yote ya ndoa sikulizoea.

Tulifika Oman mwaka 1973. Tukakaa Ibra kwa sababu huko ndiko walikotoka babu zake, ingawa hakubaki hata mmoja wa kutufungulia mlango. Majirani walitusikia tukisema Kiswahili wakatuita Wazinjibari, na sisi tulikotoka tulikuwa tukiitwa Waarabu, basi tulicheka mpaka tukashika mbavu. Asubuhi Nadhir alikereza vipuri vya pampu za maji katika karakana moja ya mji. Jioni, akishasali alasiri, alikaa katika chumba kidogo kando ya lango letu akijaza risasi za watu kwa ruhusa ya liwali, na kazi hiyo ndiyo iliyompa jina.

Alianza kwa bahati tu. Mzungu mmoja mchimba visima, alipokuwa anafunga mizigo yake kurudi kwao, alimwachia sanduku la mbao kwa shukrani ya kutengenezewa jenereta. Ndani yake mlikuwa na kalibu za chuma za kubania maganda ya risasi, na vyombo vya kupimia. Nadhir alilifungua sebuleni, akanusa kalibu moja moja, na tangu siku ile sikumpata tena jioni.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Risasi ikishapigwa, kinachobaki mkononi ni ganda la shaba, na ganda hilo hujazwa tena: fataki mpya kitakoni, baruti tumboni, kichwa cha risasi mdomoni. Lakini moto wa baruti hulitanua ganda mpaka likajaa chemba ya bunduki, yaani tundu linamolala, na shingo yake ikalegea. Wengine hulibana ganda zima lirudi lilivyotoka kiwandani. Nadhir alibana shingo peke yake. Kalibu yake ilikuwa na nafasi ya kutia pete ya chuma, na pete ndiyo iliyoamua shingo ibanwe kiasi gani; ikipishana kwa unene wa unywele, risasi ama inacheza ama inagoma kuingia. Kiwiliwili cha ganda hakukigusa. Alisema ganda lililokwisha kupigwa limeshachukua umbo la bunduki yake, na ukiliacha hivyo litarudi mle kama mguu kwenye kiatu cha zamani, na mpigaji atapiga anapotaka. Ubaya wake ni kwamba bunduki ya mtu mwingine huenda isilikubali.

"Ganda linakumbuka," alizoea kuniambia.

Mimi nilimcheka. Nilimwambia shaba ni shaba, ingekuwa inakumbuka basi masinia ya mama yangu yangekuwa na mengi ya kusema. Hata hivyo chumba kile sikukipenda. Kila mteja alikuwa na kopo lake la maziwa ya unga lenye jina, na juu ya kopo, kwenye msumari, ilining'inia pete ambayo Nadhir alimkerezea yeye peke yake. Mtu akifa, Nadhir aliitungua pete yake, akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka katika sanduku dogo chini ya meza, na hakumruhusu mtu kuitumia tena. Nilikuwa nikifagia mle nikilizunguka sanduku lile bila kuligusa. Siku moja niliona limejongea karibu na mlango, na Nadhir akaapa kwamba hakulisogeza. Nikafagia haraka nikatoka.

Nitasema sasa hivi, ili msomaji asihangaike kutafuta: kosa nitakalolieleza ni langu. Sikulisema kwa miaka mitano, na katika miaka hiyo mtu mwingine alilibeba.

Kazi yangu ilikuwa kuosha maganda. Yalikuja meusi kwa masizi, na mimi niliyaosha kama tulivyoosha masinia na mabirika ya shaba kwetu Unguja, kwa ukwaju na majivu, mpaka yakang'aa. Nadhir alifurahi sana na ukwaju wangu, ila alinipa sharti moja. Nioshe kopo la mtu mmoja, niyaanike, niyarudishe yote ndani, ndipo nifungue la pili. Alilirudia sharti hilo mara nyingi kiasi kwamba nilikuwa nikilimalizia mwenyewe kwa sauti yake, nikimwigiza, naye akicheka.

Mwaka 1978, siku mbili kabla ya Idi kubwa, makopo mawili yalikuwa yananingoja. La kwanza la Yaarub, jirani yetu wa mtaa wa pili, mwenye bunduki kuukuu iliyochakaa chemba. La pili la Thabit bin Turki wa Samad Ash Shan. Thabit na kaka yake Zuhair walizaliwa Tabora, wakarudi Oman na mama yao, Bibi Wadha, wakalima shamba la mitende la babu yao huko Samad. Thabit nilimpenda kama mdogo wangu. Alikuwa akija na tende za shambani, akisimama langoni na kupiga shikamoo kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima, kisha akinitania kwamba Kiswahili cha Unguja ni cha watu wasiojua kulima.

Siku ile nyumba ilikuwa imejaa wageni kutoka Sur, halua ilikuwa jikoni haijakolea, na mimi nilikuwa nimekasirika na watu wote. Nikamimina makopo yote mawili katika beseni moja. Maganda arobaini. Nikayaosha kwa pamoja, nikayaanika kwenye mkeka mmoja, kisha nikayagawa kwa macho: haya yanaonekana ya Yaarub, haya ya Thabit, ishirini huku na ishirini kule. Nilijiambia ganda ni ganda, na bunduki zote mbili ni za aina moja. Nadhir akayabana shingo jioni ile, kila kopo kwa pete yake, akayajaza. Kwa kawaida alimtaka mwenye bunduki aje nayo ajaribu kila risasi kabla ya kuondoka, lakini bunduki ya Thabit ilikuwa Samad na Idi ilikuwa mlangoni. Akayaamini makopo. Kwa maneno mengine, aliniamini mimi.

Idi ikapita salama. Yaarub alikuja siku ya pili akasema risasi zake zilikuwa na mlio mwingine, mkali zaidi, na mbili zilikwenda kando ya jiwe la shabaha. Nadhir akainusa moja iliyobaki, akakunja uso. Mimi nilikuwa nimesimama pale na sinia la kahawa. Nilijua papo hapo kilichotokea, nikarudi jikoni.

Siku ya tano baada ya Idi, mvua ilinyesha milimani. Thabit alikuwa anarudi Samad na pikapu yake kupitia wadi, yaani lile bonde kavu ambalo mvua ikinyesha juu hugeuka mto kabla hujamaliza kufunga mlango wa gari. Pikapu ilikwama kwenye changarawe. Maji yakamzunguka, akapanda juu ya jabali katikati. Alikuwa na bunduki yake begani, na chini kidogo, nyuma ya kona ya bonde, ndipo lilipokuwa shamba lao. Zuhair alikuwa pale akifunga mifereji.

Hapa lazima nieleze desturi ya watu wa upande ule. Wao huamini kwamba katika wadi mna wenyewe wasioonekana, na kwamba mvua ikikaribia hao huita watu kwa majina. Sauti wanayotumia ni ya mtu unayemjua: mama yako, mkeo, ndugu yako. Ukiitika, unakwenda nao. Kwa hiyo mtu hashuki kwenye wadi kwa kuitwa. Jini anaweza kuigiza sauti yoyote, walisema, lakini baruti haithubutu. Binadamu aliyekwama hupiga risasi tatu, akinyamaza kidogo baina ya moja na nyingine, na wanaosikia tatu hutoka na kamba, hata iwe vipi. Watu kadhaa waliokolewa hivyo. Risasi moja pekee ni ya mwindaji, au ni jiwe limepasuka, na hakuna anayeishughulikia.

Alasiri ile ilisikika moja.

Thabit alipatikana siku ya pili, mbali sana huko chini, kwenye mizizi ya mkwaju. Bunduki haikuonekana. Kwenye matanga Zuhair alisema aliusikia mlio mmoja, akangoja wa pili, haukuja, akaendelea na mifereji yake. Alisema kweli, na kwa desturi yao wenyewe hakukosea. Lakini msiba hutafuta mtu wa kumkalia. Watu walisema alijua nduguye yuko njiani, aliziona zile mbingu nyeusi, mguu wake ungepungukiwa nini kama angekwenda kuchungulia tu? Baraza lilipoingiwa naye, lilinyamaza. Na Bibi Wadha, mama yake mzazi, hakupokea tena kikombe cha kahawa mkononi mwa Zuhair. Alikiweka Zuhair chini, na mama akasubiri mtu mwingine akiokote ampe. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu nilipokwenda kuwapa pole, na nililiona tena mwaka uliofuata, na mwaka baada ya huo.

Nilikuwa nikirudi Ibra nikijiambia sina hakika. Pengine baruti iliroa. Pengine Thabit aliteleza baada ya risasi ya kwanza. Mtu hawezi kuamini ni visingizio vingapi moyo unaweza kupika usipotaka kula chakula kilichopo.

Nadhir aliitungua pete ya Thabit akaiweka sandukuni. Kopo lake aliliacha rafuni, sijui kwa nini. Kulikuwa na uvumi kutoka Samad kwamba mvua ikikaribia, alasiri, husikika mlio mmoja upande wa wadi na hakuna aliyepiga. Wanawake waliwaingiza watoto ndani. Mimi niliposimuliwa hayo nilicheka, na baada ya kucheka nilikaa nimeshika ufagio kwa muda mrefu.

Mwishoni mwa mwaka 1983, wadi ilishuka tena kwa nguvu na kuchimbua changarawe za miaka. Mchunga mbuzi akaona mtutu umetokeza mchangani. Zuhair aliileta bunduki kwetu mwenyewe, imefungwa katika gunia. Alikuwa amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe zote na yeye hajafika hamsini. Alisema mama anaumwa na hatafika mbali, na anataka bunduki ya mwanawe isafishwe aiweke kando ya kitanda. Hakutaka kuingia ndani. Alisimama langoni, na nilipompa maji aliyapokea kwa mikono miwili, akanishukuru mno, kwa namna ya mtu aliyesahau kwamba watu hupeana maji. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka moto.

Nadhir aliilaza bunduki mezani. Mbao zake zilikuwa zimeoza, mchanga ulikuwa umejaa kila tundu, na komeo, kile chuma kinachosukuma risasi ndani ya chemba, lilikuwa limesimama nusu ya njia, halijafunga wala halijafunguka. Alilitia mafuta, akangoja, akaligonga polepole kwa nyundo ya mbao. Kila asubuhi alikuta mchanga mwingine umetoka mdomoni mwa mtutu juu ya kitambaa, na ulikuwa umelowana. Alifuta, na kesho yake ukawepo tena. Siku ya tatu komeo liliachia, na risasi iliyokuwa imekwama ikatoka, kijani kwa kutu. Katika ghala ya bunduki mlikuwa na nyingine sita.

Alizing'oa vichwa, akamwaga tope la baruti, akasafisha maganda na kuyapima kila upande. Ile iliyokwama aliipima mara nyingi. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Kwenye bega la ganda palikuwa na mkwaruzo mdogo, kama wa ukucha, na hata mimi niliutambua, kwa sababu chemba ya Yaarub ilikwaruza kila ganda mahali pale pale na nilikuwa nikiuhisi kwa kidole nilipokuwa nikiosha.

"Shingo ni ya Thabit," alisema Nadhir bila kugeuka. "Nimeibana kwa pete yake. Kiwiliwili ni cha Yaarub."

Nikauliza maana yake nini, na mimi nikijua. Akasema kwa sauti ile ile ya chini kwamba risasi ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe, ikatoka. Ya pili ilikuwa ya mtu mwingine, pana kuliko chemba, ikaingia nusu ikagoma. Na Thabit alilipiga komeo lile kwa jiwe, au kwa kiganja, kwa sababu kishikio chake kilikuwa na alama za kupigwa pande zote. Kisha akakaa kwenye kigoda, akafunika uso kwa mikono, akasema, "Mimi nimemuua Thabit." Nikarudi jikoni. Hiyo ilikuwa mara ya pili kurudi jikoni.

Siku zilizofuata sikuwa na amani hata ya kumeza mate. Nadhir hakuninusia chakula changu. Alikitazama tu na kukiacha. Na kila alasiri, nikiwa peke yangu uani, niliitwa. "Bi Ghaniya." Sauti ya mwanamume, changamfu, upande wa lango, ile sauti ya kuamsha mtaa. Mara ya kwanza nilikwenda mpaka mlangoni nikachungulia kwenye ufa. Njia ilikuwa nyeupe kwa jua na hapakuwa na mtu wala punda. Siku ya pili niliitwa tena, na safari hii kutoka ndani ya kile chumba, ambacho nilikuwa nimekifunga mwenyewe. Hata kwetu Unguja tulikanywa tusiitike sauti ya kwanza ya mtu tusiyemwona. Sikuitika. Nilikaa chini juu ya mkeka na beseni langu mapajani, na nilimwogopa yule aliyeita, lakini nilijiogopa mwenyewe zaidi.

Siku ya tatu haijafika alasiri nikamfuata Nadhir. Nikamwambia Idi ile niliosha makopo mawili katika beseni moja.

Alikuwa akifuta kalibu. Hakuacha kuifuta. "Najua," alisema. "Makopo yale hayaguswi na mtu mwingine. Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe."

Nikamuuliza je, kama nisingesema. Akasema angekwenda Samad peke yake Ijumaa, akasema mkono uliokosea ni wake, kwa sababu kazi ilitoka kwake na yeye ndiye aliyeacha kuijaribu risasi ndani ya bunduki. Nilikasirika, Mungu anisamehe. Nilimkasirikia kwa kuwa mtu mwema kuliko mimi nyumbani mwangu mwenyewe, na nikamjibu kwa ukali kwamba tutakwenda wote, na atakayesema ni mimi.

Tulifika Samad baada ya sala ya Ijumaa. Nadhir alibaki na wanaume barazani, na mimi nikaingizwa chumbani kwa Bibi Wadha. Alikuwa mdogo kitandani, mikono imekauka, macho bado makali. Nikambusu mkono, nikamwambia shikamoo, nikakaa chini sakafuni. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yalinitoka. Nikamweleza tu kama nilivyofanya: halua, wageni, beseni, mkeka mmoja, kugawa kwa macho. Nikamweleza habari za komeo.

"Kwa hiyo mwanangu alikuwa na risasi," alisema.

"Alikuwa nazo, Bibi. Alitaka kupiga tatu. Ya pili ilikwama kwa sababu yangu."

Nje nilisikia maji ya falaji, yale ya kunyweshea mitende, yakipita kwenye mfereji. Nilitaka anitukane, anipige kwa fimbo yake, nilikuwa tayari. Hakunitazama tena hata mara moja, siku ile wala mpaka alipokufa. Akageuza uso ukutani akasema, "Niitieni Zuhair." Zuhair akaja, na birika mkononi kama kawaida, akamimina kahawa, akainama kuweka kikombe chini. Mama yake akanyoosha mkono. Kahawa ilimwagika kwenye shuka, lakini alikipokea, akanywa, akakirudisha apewe tena. Nikatoka nje kwa sababu haikuwa haki yangu kuwepo.

Nilikaa kwenye ukingo wa mfereji nikalia, na nitasema kweli, nililia kwa faraja. Nilihisi nimeweka chini gunia. Nadhir alikuwa msikitini kwa sala ya alasiri. Mbingu upande wa milima zilikuwa zimeanza kukusanya weusi. Zuhair akaja akasimama mbele yangu, na nikadhani amekuja kunisamehe au kunilaani, na kwa yote mawili nilikuwa na jibu.

"Bi Ghaniya," aliuliza, "ile bunduki ilikwama kweli? Fundi ana hakika?"

"Ana hakika. Nami pia."

"Basi alikuwa hai pale, baada ya ule mlio. Anapigana na komeo."

"Alikuwa hai."

Akakaa upande wa pili wa mfereji. Alitazama kule wadi inakopinda. Aliongea taratibu, Kiswahili chake cha Tabora, akichagua maneno.

"Kuna kitu sikumwambia mama, wala mtu yeyote. Baada ya ule mlio, niliitwa. Zuhair, Zuhair. Mara nne. Sauti ilikuwa ya Thabit. Nilisimama pale na jembe, nikangoja mlio wa pili, nipate kujua kama ni mtu. Haukuja. Nikasema huyu si mtu. Nikasoma Ayatul Kursiyyu, nikaingia ndani nikafunga mlango." Akatia mkono kwenye maji ya mfereji. "Watu wamenisema miaka mitano, na mimi usiku nalala. Unajua kwa nini nalala? Kwa sababu najua aliyeniita alikuwa jini."

Nilikuwa nimeshika ukingo wa mfereji kwa mikono yote miwili.

"Mlio wa pili ungekuja, ningekwenda," alisema. "Wallahi ningekwenda. Leo umenirudishia mama yangu, Mungu akulipe. Lakini yule jini umenichukulia."

Nikamwambia hakukosa, kwamba mtu yeyote wa Samad angefanya vile vile, kwamba kosa ni langu, ni la beseni langu. Alinisikiliza kwa adabu. Nilimwona akinisikiliza kama mtu anavyosikiliza redio iliyo nyumba ya pili. Kisha akageuza kichwa upande wa wadi, haraka, na mimi nikageuka pia. Sikusikia kitu isipokuwa upepo kwenye makuti. Yeye alikuwa amesikia. Akasimama, akafuta mchanga kwenye kanzu, akaniomba radhi, akaanza kuteremka.

Nadhir aliyarudisha makopo kwa wenyewe mwezi ule ule. Akaenda kwa Yaarub na kwa wengine wote, akawaambia sababu, bila kulificha jina langu wala lake, kwa sababu nilimtaka asilifiche. Wengine walimsihi aendelee, maana hakukuwa na mkono mwingine kama ule katika mkoa wote wa Sharqiya. Alikataa. Kalibu alizifunga kwenye sanduku la yule Mzungu, na chumba kile tukakitia kuni. Aliishi miaka minne zaidi, akikereza vipuri vyake vya pampu asubuhi na kukaa nami jioni, na nilikuwa nimeitaka jioni hiyo miaka yote, lakini tulikuwa hatujui la kuzungumza. Alikufa mwaka 1987 akiwa na miaka hamsini na tisa, kwa moyo. Zuhair alikuja kutoka Samad akabeba jeneza.

Bibi Wadha alikuwa amekwisha kufa mwaka mmoja baada ya Ijumaa ile, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Zuhair. Baraza la Samad linamkaribisha Zuhair siku hizi, na watu humpa kahawa ya kwanza. Ni mtu wa heshima. Lakini waliotoka huko wote wananieleza jambo moja, na mimi mwenyewe nimekwenda nikaliona kwa mbali, nimesimama kwenye mitende. Milima ikiwa myeusi, alasiri, Zuhair hutia kamba begani na kushuka peke yake mpaka kwenye lile jabali, wadi ikiwa bado kavu. Hakuna anayesikia sauti ya anayemwita. Yeye husikika vizuri sana. "Naam, Thabit," husema. Huitika mara nne, kisha husubiri maji.